Waamishi Wanajua Wanachokikataa

Kuna video inazunguka kwenye magrupu yetu: gari la farasi linapita kwenye barabara ya Pennsylvania, Marekani, ndani mzee mwenye ndevu na kofia ya majani, na msimulizi anacheka kwa Kiswahili kwamba hawa ni Wazungu waliosahaulika na maendeleo. Hao ni Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa kanuni za kanisa lao na kukataa mengi ya kisasa, na video hiyo imeniudhi sana.

Umeme uliwafikia zamani. Kwenye miaka ya 1920 makanisa ya Waamishi wa Lancaster, huko Pennsylvania, yalikwisha kukataza nyumba kuunganishwa na nyaya zake, na sababu haikuwa kwamba umeme ni dhambi. Walihofia kwamba waya ukishaingia, utaleta na mengine wasiyoyataka. Leo karakana ya seremala wa Kiamishi inaweza kuendesha misumeno kwa hewa iliyoshindiliwa na injini ya dizeli. Simu nayo ipo, kibandani mwisho wa shamba, ya kumwita daktari au kuagiza mbao, ila wakati wa chakula hailii mezani. Gari la jirani watapanda na kulipa nauli. Kulimiliki ndiko walikokataa, maana mwenye gari huenda mbali na ndugu zake kila siku, na farasi hakufikishi mbali hivyo.

Na haya yanajadiliwa. Usharika mmoja una kaya kama 20 hadi 40, husali majumbani kwa zamu kila baada ya wiki mbili, na mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, hukutana kuzipitia kanuni zao, Ordnung. Sisi ni ukoo gani uliowahi kuitisha kikao kuulizana simujanja zitawafanya nini watoto? Ziliingia tu, na sasa bibi anakuja kusalimia anakuta wajukuu wameinamisha vichwa. Halafu tunamcheka aliyeuliza kwanza!

Wasomaji wa Mara, Waamishi hawa wanawahusu kidogo. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster huko huko, na Waamishi ni tawi lililojitenga na ndugu zao hao mwaka 1693, nyuma ya Jakob Ammann.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kitu kwao nakipenda. Shule inaishia darasa la nane, haki waliyoipata Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972, na binti mwenye ndoto ya udaktari hapo anaumia. Aliyebatizwa akiasi hutengwa, hata mezani. Hilo ni zito.

Lakini Oktoba 2, 2006, mtu mwenye bunduki aliingia shule yao ya Nickel Mines, akawapiga risasi wasichana 10, 5 wakafa, naye akajiua. Siku hiyo hiyo Waamishi walikwenda kuifariji familia ya muuaji, na baadaye wengi wakahudhuria maziko yake. Moyo wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja. Unalelewa na watu wanaokaa karibu, wanaojengeana maghala na kuuguziana wagonjwa.

Vijana wao hulegezewa kamba wakifika miaka 16 hivi, waone dunia, ndipo wachague ubatizo au kuondoka. Walio wengi hubaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 jamii nzima ilikuwa watu elfu chache. Leo wamepita 350,000.