Chumvi ya Mkwe

Mkwe wangu ni fundi wa pilau, ila chumvi huitia kama aliyepewa bure, na mchana mmoja nilikuwa nikimweleza rafiki yangu jambo hilo tukitembea kwa miguu Kariakoo, kwenye jua la saa nane. Simu ilikuwa mfukoni, mlio umezimwa. Hedifoni za waya nilikuwa nimezitoa masikioni zikaning'inia shingoni, na kile kidude chenye maiki na vitufe kikawa kimelala chini ya kidevu, kikioga jasho.

Nilikuwa nimefika pale pa kusema kwamba ukila pilau ile usiku, alfajiri unaamka kuutafuta mtungi, ndipo sauti nyembamba ikatoka kifuani pangu:

"Endelea tu, mkwe wangu, nakusikia vizuri."

Sikuwa nimegusa kitu. Fundi simu, alipomaliza kucheka kwa muda usiomstahili mteja anayelipa, alinifafanulia. Pini ya hedifoni hizo ina sehemu nne: sauti ya kushoto, ya kulia, ardhi (njia ya umeme kurudi) na maiki. Ikiingia, swichi ndogo ndani ya tundu huiarifu draiva, yaani programu ya simu inayolisimamia tundu hilo, kisha simu hupeleka volti kidogo kwenye waya wa maiki na kuanza kupima. Kila kitufe kikibonyezwa huunganisha waya huo na ardhi kwa ukinzani wake, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu: kwenye simu nyingi za Android, omu 240 hivi ni kuongeza sauti, 470 ni kupunguza, na karibu na sifuri ni kupokea simu. Draiva haioni kidole. Huona ukinzani umeshuka, hungoja kitambo kuhakikisha si mtikisiko wa waya, kisha huuambia mfumo endeshi kwamba mwenye simu amebonyeza. Mwenye simu, wakati huo, anasengenya.

Jasho langu lilikuwa limeipokea simu, likapanda na kushuka kwenye vipimo hivyo, na kwa hisani yake likaongeza sauti ili nami nisikie.

Fundi alikifungua kidude, akanionyesha utando mweupe uliokauka chini ya kitufe cha kati.

"Chumvi hii, kaka, si ya mkwe wako."

Jumapili iliyofuata tulialikwa. Pilau ilikuja haina chumvi hata punje, na mkwe akakisogeza kikopo mbele yangu peke yangu, mbele ya watu wote.

"Jipimie mwenyewe, baba."