Mama Mdogo Dawa Anakunywa

Juzi nilimsindikiza mama mdogo kliniki. Mhudumu akafungua daftari, akaona INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iko 1.6, chini ya inavyotakiwa, akamtazama kwa juu ya miwani: "Mama, wewe dawa hunywi." Mbele ya foleni nzima! Mwanamke ambaye kila saa mbili usiku anakata kidonge kwa wembe juu ya sahani ya bati, kisha analamba na unga uliobaki. Akajibu tu, "Nakunywa, mwanangu."

Ana vali ya chuma moyoni, mwaka wa tatu huu. Ukilala naye chumba kimoja utaisikia, tik tik tik, kama saa ya ukutani. Bila warfarini, hiyo dawa yake ya kuzuia damu kuganda, damu itaganda pale, na kiharusi hakibishi hodi. Dawa ikizidi, atavuja damu ndani kwa ndani.

Sasa kiasi gani ndicho sawa? Jeni ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi: ile ya CYP2C9 huamua ini lisage dawa hiyo upesi au taratibu, na VKORC1 huamua mwili uitii au uikaidi. Mmoja zinamtosha miligramu 2, mwenzake mwenye kilo zilezile anataka 10. Uzembe uko wapi hapo?

Vipimo vya jeni hizo vipo, ila ni shati lililopimwa kwa mwili wa jirani. Katika jaribio la COAG la Marekani, lililotoka 2013, wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa kwenye kiwango kinachotakiwa asilimia 35 ya muda. Waliopangiwa kwa umri, uzito na mengineyo ya kawaida? Asilimia 43 na nusu! Kipimo kilitafuta aina mbili za CYP2C9, *2 na *3, zilizozoeleka kwa Wazungu. *5, *6, *8 na *11, za watu wenye asili ya Afrika, hakuna aliyeziulizia. Hongera zao.

Haya, wapo kweli wanaoruka dozi. Na kisamvu cha jana nacho kina vitamini K yake, inayopunguza nguvu ya dawa, sibishi. Hata nauli ya kliniki inaua.

Lakini uliza kwanza, ndugu yangu, ndipo ugombe.

Kwenye daladala mama mdogo akanigusa goti. "Hiyo jeni ndiyo damu ya bibi yako?"

"Kama hivyo, mama."

Akatoa daftari kwenye mkoba. "Niandikie hapa, kwa herufi kubwa."