Fedha za Kumalizia Filamu Zitafutwe Kabla ya Kushuti

Nimechoka kusoma maombi ya kuchangia filamu ambayo bajeti yake inaishia siku ya mwisho ya kushuti. Kamera ipo, taa zipo, nauli na chakula cha kikosi vipo. Kisha chini kabisa: "za uhariri tutazitafuta baadaye." Hiyo baadaye ndiyo inayoua filamu za kujitegemea. Picha zinalala kwenye diski, waigizaji wanauliza mpaka wanachoka, na waliochanga hawachangi tena, hata kwa mwingine atakayekuja na wazo bora.

Bajeti ianzie mwisho. Jiulize tamasha au msambazaji atataka kukabidhiwa nini, kisha rudi nyuma. Filamu ya dakika 90 haihaririwi kwa wiki mbili. Kuna kusafisha mazungumzo, kurekodi upya maneno yaliyomezwa na upepo au jenereta, kuweka milio, kuchanganya sauti, kusawazisha rangi, manukuu, na faili la DCP la kuonyeshea kwenye kumbi za sinema. Kuna pia sauti ya muziki na milio peke yake, bila mazungumzo, kwa soko litakalotaka kuingiza lugha yake.

Muziki ndio mtego mkubwa. Wimbo uliokwisharekodiwa unadai ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Ukiwa na moja, huna kitu. Ruhusa ya matamasha pekee ni nafuu, lakini msambazaji akijitokeza utarudi kujadiliana wakati tukio zima limeshahaririwa kufuata wimbo huo, na mwenye wimbo anajua huna pa kukimbilia. Patana bei ya haki zote mapema, kwa maandishi, hata kama utailipa siku filamu itakapouzwa.

Mimi ningetenga theluthi ya bajeti kwa kazi za baada ya kushuti, kisha juu ya jumla niongeze asilimia 10 ya dharura. Dharura ni mvua, au mwigizaji kuugua. Lenzi nzuri zaidi si dharura.

Halafu kuna hesabu ya michango. Chukua Kickstarter, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni: dola 10,000 kutoka kwa watu 200. Jukwaa linakata asilimia 5, yaani 500. Ada ya malipo ni kama asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango: 340 nyingine. Fulana na mabango ya zawadi kwa waliochanga, kuchapa na kutuma, zikila 1,000, umebaki na 8,160, na hapo hujahesabu kadi zilizogoma wala kodi. Lengo lisipofikiwa hupati hata senti. Kwa hiyo kabla ya kufungua mchango, uwe na orodha ya watu walioahidi kuchanga siku ya kwanza; michango hufurika mwanzoni na mwishoni, katikati ni kiangazi.

Mwekezaji ni habari nyingine: mkataba useme nani anarudishiwa fedha kwanza, na kiasi gani, kabla ya faida kugawanywa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaoshuti kwanza na bado wakafika. Ruzuku za kumalizia filamu zipo, na mtoaji huona kazi badala ya ahadi. Lakini huona kilichohaririwa tu. Kwa hiyo hata wewe unayekwenda njia hiyo, kabla kamera haijawashwa weka kando fedha za mhariri wa mkato wa kwanza, yaani toleo la awali la filamu, na za diski tatu za nakala, moja ikae nyumba nyingine.