Waranti ya Mwaka Mmoja, Isipokuwa Friji Likiharibika

Nimekuja kufahamu kwamba waranti ya friji huhusu sehemu zote za friji, isipokuwa ile itakayoharibika. Siku niliponunua la kwangu katika duka moja hapa Ngamiani, Tanga, muuzaji aliniita mzee wangu, akaniletea kiti, akaniapia kwamba kwa mwaka mzima nisiwe na wasiwasi, kwani likinisumbua kidogo tu nimpigie simu hata usiku wa manane. Sasa friji limeacha kugandisha. Linanguruma usiku kucha, taa inawaka vizuri, samaki wangu aina ya changu wanaozea ndani ya kabati la bei mbaya, na kijana yule yule siku hizi ananiita "mteja".

Kwanza alisema kosa ni la umeme wa mtaani kwetu. Nilipomkumbusha kwamba aliniuzia na stabilaiza, tena kwa maelezo yake mwenyewe kwamba bila hiyo waranti haina nguvu, alinyamaza kidogo, kisha akahamia kwenye hewa ya bahari, ambayo kwa mujibu wake inakula mabomba. Mimi ninakaa Chumbageni. Bahari haikuja Tanga baada ya mimi kununua friji, na kama chombo hiki hakiwezi kuvumilia chumvi, kwa nini hakikupelekwa kuuzwa Dodoma?

Ndipo akaigeuza kadi ya waranti upande wa nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo hata miwani yangu ilikataa kuyatambua, akanisomea kwamba mwaka ule mmoja ni wa kompresa peke yake, yaani ile mashine inayosukuma gesi. Kompresa ni nzima, alisema kwa fahari, ndiyo maana inanguruma. Kilichopungua ni gesi, na gesi haimo katika waranti. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye hana kadi wala kiyoyozi, alinieleza kwamba gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Kwa hiyo niliuziwa mabomba yanayovuja yenye kompresa iliyohakikishwa. Fundi wa kampuni naye hutoka Dar es Salaam. Mji wetu unasifika kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo", lakini huyu ni waja kesho.

Nilipozidi kumbana, muuzaji alinielekeza kwa wakala aliyeingiza mzigo, huko Kariakoo. Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka, kwa sababu wakala huyo simjui, hanijui, na hela yangu hakuipokea yeye. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtazama aliyeuza: mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo anakitakia nini kitu, akautegemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Mimi nilisema wazi kwamba nataka friji la kuhifadhia samaki. Sikusema nataka kinachonguruma.

Akajibu kwamba tulilijaribu pale pale dukani. Ni kweli, tulilichomeka, taa ikawaka, tukashikana mikono. Sheria inasema kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Lakini friji huhitaji saa kadhaa kupoa, na ukaguzi wa dukani huisha kabla hamali hajamaliza kufunga kamba. Labda nilipaswa kulala dukani na samaki wangu.

Juu ya kichwa chake kuna tangazo lisemalo "Mali ikishauzwa hairudishwi". Tangazo hilo ningelielewa kwa mtu aliyerudisha kiatu kwa kuwa mkewe hakuipenda rangi. Mimi sijabadili mawazo, bado ninalitaka friji. Ninachoomba ni linalogandisha.

Kuna na mkasa wa risiti. Mamlaka ya Mapato hutuhimiza kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, nami nilidai na nikapewa, ile ya mashine ya EFD. Karatasi zile huchapwa kwa joto, na joto la Tanga huendelea kuzichapa mpaka zifutike. Waranti ni ya miezi kumi na miwili, wino ni wa msimu mmoja wa maembe. Bahati nzuri mama watoto, ambaye hamwamini mtu yeyote anayeleta kiti haraka, alikuwa ameitoa kopi siku ile ile.

Kopi hiyo nimeiambatanisha na barua, na ndani yake nimetaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu waranti na haki zake, na nimeeleza kwamba nakala itakwenda Tume ya Ushindani. Muuzaji aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akasema hakuna tatizo, nirudishe tu friji likiwa katika boksi lake la asili, pamoja na maboya yake yote meupe ya kufungashia, bila kuchanika. Sharti hilo halimo mbele ya kadi wala nyuma yake. Nikamwomba aliandike kwa mkono wake, atie sahihi na muhuri wa duka, nami nitaliambatanisha na malalamiko yangu. Amesema muhuri anao mwenye duka, na mwenye duka amesafiri.