Maoni ya Fundi wa Taa

Kampala ukitaka kuandika juu ya picha na vinyago, kuna ngazi, na kila mtu anajua amesimama kipandio gani. Juu kabisa kuna msimamizi wa maonyesho aliyekuja na ndege. Anafuata profesa wa Makerere, kule ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na ambako hadi leo ukitoa maoni bila digrii yao unatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Halafu mwandishi wa gazeti. Halafu mke wa balozi. Halafu anayepitisha sambusa. Hapo ngazi inaishia, na chini yake, udongoni, tupo sisi mabloga.

Mashtaka yetu nimeyakariri. Hatujasoma, hatuna mhariri, tunakuja kula, tunasifu kila kitu ili tualikwe tena. Hilo la mwisho lina ukweli wake. Ninao wenzangu ambao hawajaona picha mbaya tangu wazaliwe. Lakini tuulizane kwa upole. Mwandishi wa gazeti akimaliza kazi anapewa bahasha inayoitwa nauli, hata kama ofisi yake iko ng'ambo ya barabara. Anaitia mfukoni, anaandika aya nne alizozinakili kutoka kwenye karatasi ya mlangoni, na huyo ndiye anayeaminika. Mimi narudi Nsambya kwa pesa yangu, halafu naambiwa nimenunuliwa kwa sambusa.

Rajat Neogy alipoanzisha Transition, jarida la fasihi na siasa, hapahapa Kampala mwaka 1961, alikuwa kijana aliyezaliwa 1938, na hakungoja mtu ampe kibali cha kuwa na maoni. Leo jarida hilo linatolewa Harvard. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapozuiwa mlangoni, ila sijaona askari wa geti ambaye lingemlainisha.

Serikali angalau haikutudharau. Mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano iliwataka wanaochapisha mtandaoni wajiandikishe, na Julai mwaka huohuo kila aliyefungua mitandao ya kijamii akaanza kukatwa shilingi 200 kwa siku. Watu walilalamika. Mama yangu, polisi mstaafu, ndiye peke yake aliyefurahi.

"Kumbe ni kazi," alisema. "Kitu kikitozwa kodi, ni kazi."

Tena naandika kwa Kiswahili, hasara juu ya hasara. Nimekulia kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho cha gwaride na ndicho cha kugombezea watoto, lakini kwenye galari za Kololo, mtaa wa wenye nazo, lugha hii husikika getini tu. Ukiwakumbusha kwamba Gregory Maloba aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa 1962 alikuwa Mkenya, na Sam Ntiro aliyefundisha Makerere alikuwa Mtanzania, wanatabasamu vizuri, kisha wanakuuliza umekuja kumwona nani.

Basi, kulikuwa na uzinduzi, na sikualikwa. Niliomba kwa barua pepe nikajibiwa kwamba nafasi za vyombo vya habari zimejaa, ila nikipenda naweza kusambaza tangazo. Msanii mwenyewe ndiye aliyeniambia we njoo tu. Nilikuwa nimeshinda sana kwenye karakana yake wakati anashona kazi zile za lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, namshikia sindano na kumchosha kwa maswali.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Bodaboda ilinipitisha kwenye kila dimbwi lililopo kati ya Nsambya na Kololo, nikafika getini na koti la mifuko mingi, matope hadi magotini, begani mfuko wenye nyaya zinazoning'inia: chaja, ekstensheni, kistendi cha simu.

Askari alinipima juu hadi chini.

"Ndiyo unafika saa hii?"

"Mvua, afande."

"Madam amekasirika mpaka basi. Pitia nyuma, na usikanyage zulia."

Hakuniuliza mimi ni nani, na sisi tuliokulia kambini tunajua: afande hajibiwi swali ambalo hajauliza. Nikapitia nyuma. Jikoni dada mmoja akanipokea mfuko na kusema, "Fundi, ile taa ya mwisho inakonyeza tangu asubuhi. Lakini kula kwanza."

Hapo ndipo nilipojua cheo changu. Ningemsahihisha, ila alikuwa ameshanivutia kiti. Katika miaka yote ya ubloga sijawahi kuandaliwa sahani. Fundi aliletewa sambusa za nyama na soda iliyotoka kwenye barafu, na hakuna hata mmoja aliyenong'ona kwamba amefuata chakula.

Sikuzimaliza. Umeme ukakatika Kololo nzima, jenereta ikakohoa, ikanyamaza, na gizani ikasikika sauti ya Madam: "Fundi yuko wapi?" Simu zote za jikoni zikanimulika usoni.

Kuhusu jenereta najua jambo moja, nikalisema.

"Mafuta yapo?"

Hayakuwapo. Kijana akatimuliwa na dumu kwenda kituo cha petroli, na mimi nikapanda chati kuliko siku zote za maisha yangu. "Huyu anajua," Madam akawaambia wageni. "Fundi, wamulikie watu wasiangukiane."

Nikasimama pembeni ya ukuta, mgongo kwenye kona, nikawasha tochi ya simu. Mwanga ukapita ubavuni mwa lile lubugo kubwa la katikati, na watu wakanyamaza. Chini ya taa za dari lilikuwa rangi ya kahawia tu, limekaa. Sasa mistari myembamba ilikuwa imesimama juu ya nguo, imebanana, inakwenda sambamba kutoka pindo hadi pindo. Katikati kulikuwa na kiraka kidogo, kimezungushiwa mishono ya ukili, na kila mshono ulikuwa na kivuli chake.

Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kwa Kiingereza hiyo mistari ni ya nini. Kwa hofu nikajibu kwa Kiswahili. Akacheka. Kumbe alikuwa mtu wa Reli ya Afrika Mashariki, amekaa Mombasa ujana wake wote.

"Eleza basi, kijana. Nitawatafsiria hawa."

Nikaeleza. Kwamba gome linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza ile yenye mifereji mipana, mwisho ile nyembamba kabisa, na hiyo mistari ndiyo alama ya nyundo. Kwamba mti haufi: shina linafungwa majani ya mgomba, gome linaota upya, unavuna tena. Kwamba Baganda huwazika watu wao ndani ya nguo hii, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi wa kuitengeneza kuwa urithi wa binadamu wote. Kwamba kile kiraka kinaziba tundu la gome, na wanunuzi wengi sokoni hudai bei ipunguzwe kwa sababu yake, ila msanii huyu anachagua vipande vyenye viraka makusudi, anavipanga katikati. Nilikuwa nakwenda na tochi mshono kwa mshono, na wageni wananifuata kwa hatua fupifupi. Mama mmoja wa ubalozi alikuwa anaandika kwenye kidaftari. Mzee akatangaza kwamba anainunua hiyo, na kwamba tangu aanze kutembelea galari hajapata maelezo ya maana kama ya fundi huyu.

Mafuta yakaja. Taa zikawaka, lubugo likalala tena, na Madam akanijia mikono wazi.

"Fundi! Haya mambo umejifunzia wapi?"

"Mimi ni bloga, Madam. Nilikuandikia barua pepe."

Uso wake ulizimika wakati jenereta bado inatetemeka. Mama wa ubalozi akafunga kidaftari. Mzee wa Reli, rafiki yangu wa dakika chache, akaegemea fimbo.

"Bloga? Na nani amekulipa useme hayo?"

"Hakuna, mzee."

"Hmm." Akalitazama lubugo. "Na ile habari ya mti kuota gome tena, ni kweli?"

Dakika moja kabla mti ulikuwa umeota bila matatizo. Sasa alihitaji shahidi. Alitafutwa msanii, akasema ni kweli. Akatafutwa profesa, naye akathibitisha kwa maneno marefu zaidi, na mzee akaridhika, akalipa. Nje nikasikia kelele: fundi halali alikuwa getini amelowa, na askari anamwambia, "Fundi yuko ndani, wewe ni fundi wa nani?"

Mwandishi wa gazeti alifika mambo yakiwa yamekwisha, akachukua nauli yake, akaongea na mzee. Habari yake ilitoka Jumapili. Majina ya wageni, aina ya divai, halafu sentensi moja iliyokuwa na kitu ndani: kwamba hata fundi umeme aliyekuwa zamu aliwaeleza wageni jinsi mti wa mutuba unavyovunwa bila kuuawa. Mama aliisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Sasa umeandikwa na watu wa maana," akasema, akaenda kuwaonyesha majirani.

Baadaye Madam alipiga simu. Nilidhani ni ya kunigombeza. Alitaka kujua kama kwenye maonyesho yajayo ninaweza kuja mapema nimpangie taa zimulike kwa ubavu, vile ilivyokuwa usiku ule. Angelipa, na nauli juu.

Nikasema sawa. Nikauliza kama naweza na kuandika.

Akavuta pumzi.

"Tuanze na taa," akasema.