Dokta alipoamka bingwa wa ubongo

Hata feni sijawasha, Dokta huyo kaingia maktaba. Mkono mmoja simu, mkono mwingine kikombe cha chai ya tangawizi ambacho kwa sheria zetu hakiruhusiwi ndani. Sikumwambia kitu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota pochi njiani na bado hajaamua kama aulize ni ya nani.

"Dada, hebu njoo uone maajabu."

Miezi mitatu nyuma tulikaa naye kwenye kompyuta ya pili kutoka dirishani, tukamtengenezea ukurasa wake wa Google Scholar, tovuti inayoorodhesha makala za watafiti na mara zilivyorejelewa. Dokta anafundisha kanzidata, yaani namna ya kupanga na kutafuta taarifa kwenye kompyuta. Makala zake zinahusu mambo kama namna ya kuzuia mgonjwa mmoja asiwe na mafaili mawili hospitalini kwa sababu leo kaandikwa Mohamedi na mwezi ujao Muhammad. Siku ile tulipomaliza, kipimo chake cha h, namba inayopima wengine wamezirejelea makala zako kiasi gani, kilikuwa 6. Asubuhi hiyo kilikuwa 31, na chini yake makala kuhusu ubongo wa panya zilikuwa zimejipanga kama wageni wa harusi walioingia bila kadi.

Haikuchukua muda kujua kilichotokea. Herufi moja ya jina lake la kwanza, jina la mwisho linalopatikana kuanzia Lamu hadi Muscat, na mahali fulani duniani yuko mtafiti wa sayansi ya neva mwenye herufi hiyo hiyo na jina hilo hilo. Ukurasa tulikuwa tumeuacha ujiongezee makala wenyewe, nao ukajiongezea. Yaani fundi wa kuzuia majina kugongana, jina lake ndilo limegongana.

Akainamisha kichwa, akaniuliza taratibu: "Tukiuacha hivi hivi, nani atajua?"

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Faili lake la kupandishwa cheo lilitakiwa Ijumaa.

Tulicheka, ila swali lile limekaa nami mpaka leo. Kwa sababu jibu la kweli ni kwamba huenda asingejua mtu. Kama kamati inaweza kupokea ukurasa mmoja wenye majedwali ya wagonjwa na hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) za panya, isishtuke, ikaandika 31 kwenye fomu na kwenda kunywa chai, basi kamati hiyo haisomi. Inahesabu. Hilo ndilo linaloniudhi, kuliko hata wale wanaolipia majarida ya kitapeli.

Kwa wasiokijua kipimo hiki: panga makala zako, iliyorejelewa zaidi juu, kisha shuka. Ukifika ya sita ukakuta nayo imerejelewa angalau mara sita, lakini ya saba haijafikisha saba, wewe ni 6. Hesabu yote ndiyo hiyo. Aliyeibuni ni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Na katika makala ile ile ya kwanza aliweka orodha ya vinara ambayo ingetosha kutuzindua. Upande wa fizikia aliongoza Edward Witten akiwa na 110. Upande wa sayansi ya uhai aliongoza Solomon Snyder, mtafiti wa ubongo wa Johns Hopkins, akiwa na 191. Hirsch hakusema Snyder ana akili kumzidi Witten. Alieleza wazi kwamba fani hazilingani. Sisi tulichukua namba, onyo tukaliacha kwenye ganda. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyatarajia.

Kwa hiyo yule bwana wa panya na Dokta wetu hata wangekuwa na bidii sawa, namba zao zisingekutana. Maabara ya neva huandika kwa kundi, watu kumi na zaidi kwenye makala moja, na mwishoni orodha ya marejeleo ndefu kama ya daftari la mkopo dukani. Watu wa kompyuta wanapeleka kazi zao nzuri kwenye makongamano, na faharasa za zamani za marejeleo, zile orodha za makala ipi imerejelea ipi, zilijengwa juu ya majarida. Eugene Garfield alipoanza kuchapisha faharasa yake kule Philadelphia mwaka 1964, shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa ya kwetu sisi wa maktaba: nitaipataje makala inayoendeleza hii niliyonayo mkononi? Ilikuwa taa ya kutafutia njia. Baadaye watu wakaigeuza mizani.

Katika kanzidata zenyewe mfano unaonipendeza ni Edgar Codd. Mwaka 1970, akiwa IBM huko San Jose, alichapisha makala ya kurasa 11 akisema data ipangwe kwenye majedwali, na mtu aulize anachotaka bila kujua kimehifadhiwa wapi. Mwajiri wake hakukimbilia wazo hilo, maana alikuwa tayari anauza mfumo mwingine, na kampuni changa iliyokuja kuitwa Oracle ikamtangulia sokoni mwaka 1979. Codd alipewa tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa ya watu wa kompyuta, mwaka 1981. Ndiyo, makala ile imerejelewa mara nyingi mno. Lakini fikiria ni mara ngapi haikurejelewa. Kila karani wa benki anayefungua akaunti, kila mwanafunzi anayeangalia matokeo, anapita kwenye majedwali ya Codd bila kumtaja. Wazo likishakuwa sakafu ya nyumba, hakuna anayelitolea shukrani; wanatembea juu yake tu.

Upande wa ubongo sihitaji kwenda California. Nakwenda Mahenge.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana kutoka Norwei, Louise Aall, alifika Tanganyika, na huko kwenye milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, akakuta wagonjwa wa kifafa kwa wingi ambao hakuutarajia. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Mtu akianguka jikoni, waliomzunguka waliogopa kumgusa, maana iliaminika kifafa kinaambukiza kwa mate. Akaanzisha kliniki, akaanza kugawa dawa, na akaandika. Mwaka 1965 alichapisha makala ndefu kuhusu kifafa kwa Wapogoro katika jarida la Skandinavia la magonjwa ya akili. Miongoni mwa aliyoyaona huko ni watoto waliokuwa wakisinzia kichwa: kichwa kinashuka, kinainuka, kinashuka tena, mtoto hajalala.

Miaka ikapita. Katika miaka ya 2000 habari za watoto wa namna hiyo zikaanza kusikika kutoka Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, na dunia ikashtuka kama vile ni ugonjwa wa jana. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa Mahenge, na watafiti wakaanza kurudi nyuma hadi kwa daktari yule. Zaidi ya miaka 40. Kamati gani ya cheo ingemsubiri? Fomu zetu zinauliza miaka mitatu, mitano ukibahatika.

Halafu ipo kichekesho ambacho Dokta alikifurahia kuliko mimi. Makala ya 1965 imesainiwa Aall-Jilek. Kazi zake za baadaye zimesainiwa Jilek-Aall. Mama mmoja, mafaili mawili. Mashine isiyoelezwa inaweza kumgawa katikati, sawasawa na Mohamedi na Muhammad wa hospitalini. Tangu 2012 kuna namba ya ORCID, tarakimu 16 za kumtambulisha mtafiti mmoja, na mimi huwasumbua wahadhiri wangu wote waichukue. Ila marehemu wa miaka ya 60 hawaji dirishani kwangu kujiandikisha.

Huko huko Ulanga, mwaka 1992, H. T. Rwiza na wenzake walitoa matokeo ya kupita nyumba kwa nyumba: watu 18,183, na takriban 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Nikiitazama takwimu hiyo sioni namba ya marejeleo. Naona mtu na fomu, kilima, mbwa wa watu, mama anayeulizwa kama kuna mtoto aliyewahi kuanguka, na kimya kirefu kabla hajajibu. Hiyo nayo ni kanzidata. Waliopiga hodi majumbani kwa kawaida hawaonekani kwenye safu ya majina ya waandishi, na kipimo cha h hakiwagusi.

Na kurejelewa kwenyewe si ushahidi wa kuwa sahihi. Mwaka 2006 jarida la Nature lilitoa makala kuhusu aina fulani ya protini na kupotea kwa kumbukumbu kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Ikarejelewa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2022 picha zake zikatiliwa shaka hadharani, na mwaka 2024 makala ikaondolewa. Zile 2,000 hazikurudishwa, wala mtu hakuombwa achote alichokimwaga.

Basi, Ijumaa inakaribia. Nikamuuliza Dokta, ile programu yako ya majina iko wapi sasa? Akasema ipo mapokezi kwenye hospitali moja ya wilaya. Karani anaandika jina, skrini inamwonyesha walio karibu nalo, anamuuliza mgonjwa jina la mama na kijiji, anabonyeza, mafaili mawili yanakuwa moja. Makala ya kazi hiyo imerejelewa mara tisa. Karani harejelei. Karani anabonyeza. Nikamwambia aandike ukurasa mmoja kuhusu hilo, auweke juu kabisa ya faili kabla ya namba yoyote. Akaguna. "Hawatausoma, dada." Nikamwambia inawezekana, lakini watalazimika kuufunua kwanza.

Kisha tukaanza kufuta. Unaweka tiki pembeni ya kila makala isiyo yako, kisha unafuta. Panya wa kwanza, panya wa pili. Namba ikawa inashuka kama lifti: 31, 24, 15. Kufika katikati Dokta akanishika mkono. "Hiyo subiri kwanza."

Ilikuwa makala kuhusu wazo la mwaka 1986 la Teyler na DiScenna, kwamba hipokampasi haihifadhi kumbukumbu yenyewe. Inatunza faharasa ya mahali vipande vyake vilipo kwenye gamba la ubongo. Akavuta kiti. Akasoma muhtasari, akafungua makala yenyewe, akasoma kama dakika ishirini bila kusema neno, na ile chai ya magendo ikapoa kando yake.

"Kumbe huyu jamaa yangu anafanya kazi yangu," akasema. "Yeye faharasa zake zina damu tu."

Nikaifuta makala. Namba ikabaki 6. Akaniomba nimtumie nakala kwenye barua pepe.