Injini iliyokatwa si pambo
Mwandishi mmoja anasema eti injini ya Corvette (gari la michezo la Chevrolet) ya 1957 iliyokatwa ubavu ili ndani paonekane na kukarabatiwa ni pambo tu, kwa kuwa haiwezi kuwaka tena! Sikubaliani naye hata kidogo. Nimefundisha vijana umakanika, na injini ya namna hii huwafungua macho kuliko mchoro wowote ubaoni: unazungusha krenki, yaani mhimili mkuu unaounganishwa na pistoni, taratibu, wanaona pistoni zikipishana na kamshafti moja tu (mhimili wenye vinundu), katikati ya safu mbili za silinda zilizokaa kama herufi V, ikisukuma vijiti vinavyofungua valvu zote 16. Hapo ndipo wanaelewa kwa nini V8 (injini ya silinda nane katika umbo hilo la V) ya Chevrolet iliyoanza 1955 ilikuwa ndogo na nyepesi. Na aliyeikarabati apewe heshima yake, maana hapa hakuna kasoro inayofichika ndani. Wenzangu, vyuo vya ufundi huko kwenu bado vina injini za kufundishia kama hizi?